Southsea haisomeki bila Jamshid

Kusini mwa Uingereza, kwenye kisiwa cha Portsea, kuna mji wa pwani uitwao Southsea. Kiserikali ni sehemu ya jiji la Portsmouth, makao ya meli za kivita za Uingereza kwa karne nyingi, lakini wakazi wake wana mazoea ya kujihesabu peke yao. Wana ufukwe wao wa kokoto, magati mawili ya starehe, ngome iliyojengwa na Mfalme Henry VIII mwaka 1544, na uwanja mpana wa majani unaotenganisha nyumba na bahari. Wana pia orodha ya watu mashuhuri, kama ilivyo kawaida ya miji ya pwani ya Uingereza inayopokea wageni. Orodha hiyo huanza na Arthur Conan Doyle, ikapita kwa Rudyard Kipling na H. G. Wells, ikamgusa mchekeshaji Peter Sellers, na kwa kuazima kidogo kutoka mtaa wa jirani ikampata Charles Dickens. Ni orodha nzuri, wala sina jina ninalotaka lifutwe. Hata hivyo, mtu anayeueleza mji huo vizuri kuliko hao wote ni mwingine, na habari zake zinatuhusu sisi wa upande huu wa bahari moja kwa moja. Ni Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyeishi Portsmouth kwa zaidi ya nusu karne. Katika simulizi wanazopewa wageni, akitajwa hutajwa kwa mstari mmoja, kama kioja. Nadai kwamba mahali pake ni katikati ya historia ya Southsea, na kwamba kumweka pembeni kunaupotosha mji wenyewe na kunaipunguza historia ya Zanzibar.

Kwanza tutazame kipimo kinachotumika. Katika wote waliotajwa, Conan Doyle ndiye mwenye haki iliyo wazi zaidi. Alifika Southsea mwaka 1882, daktari kijana wa miaka 23 asiye na mteja hata mmoja, akapanga nyumba namba 1 Bush Villas katika barabara ya Elm Grove. Hakuwa na fedha za kuajiri mtumishi. Alimchukua mdogo wake Innes, mtoto wa shule, wakae pamoja, na bamba la shaba lenye jina lake mlangoni alilisugua mwenyewe usiku ili majirani wasimwone daktari akifanya kazi ya kijakazi. Alicheza mpira kama golikipa wa klabu ya mji kwa jina la kujificha, A. C. Smith. Alioa akiwa hapo, mwaka 1885. Na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache na saa zilikuwa nyingi, mwaka 1886 aliandika katika nyumba hiyo hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes, akaiuza pamoja na haki zake zote kwa pauni 25, ikachapishwa mwishoni mwa mwaka 1887. Aliondoka mwaka 1890. Miaka minane hiyo ilizaa kitu ambacho dunia nzima inakijua, na Portsmouth inayo sababu ya kujivuna. Lakini wengine waliobaki kwenye orodha? Wells alikuwa mwanagenzi wa duka la vitambaa la Hyde, barabara ya King's Road, kuanzia mwaka 1881 hadi 1883, akifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku na kulala bwenini na wenzake, na aliyachukia maisha hayo hata akavunja mkataba. Sellers alizaliwa Southsea mwaka 1925 kwa kuwa wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani, watu wa kuhama mji hadi mji. Dickens alizaliwa Landport mwaka 1812 kwa kuwa baba yake alikuwa karani wa mishahara ya jeshi la majini, na familia ilihama kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Jumlisha miaka ya watu hao wote, na ya Kipling ndani yake: haifiki hata nusu ya miaka ambayo Jamshid alikaa.

Kipling anahitaji kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayefungua mlango wa hoja hii. Alizaliwa Bombay mwaka 1865, akalelewa na yaya na watumishi wa Kihindi, akawa anaongea lugha yao kwa wepesi kuliko Kiingereza. Mwaka 1871, akiwa bado hajafika miaka sita, yeye na dada yake waliletwa Southsea na kuachwa katika nyumba iitwayo Lorne Lodge, barabara ya Campbell Road, kwa watu waliolipwa kuwalea: Kapteni Holloway, baharia mstaafu, na mkewe. Wazazi walirudi India. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Waingereza waliotawala ng'ambo. Joto na maradhi ya India vilihofiwa, na mtoto alipaswa kukua na lafudhi ya kwao. Kapteni alifariki, na mama wa nyumba pamoja na mwanawe wakamtesa yule mtoto kwa vipigo na vitisho vya moto wa jehanamu mpaka mwaka 1877 mama yake alipokuja kumchukua. Kipling aliyaandika mateso hayo akiwa kijana, na akayarudia katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1937, baada ya kifo chake. Kwa nini mtoto wa Bombay aliishia Southsea na si kwingineko? Kwa sababu Southsea ilikuwa mji wa watu waliorudi. Ilijengwa kwa kasi katika karne ya 19, na msanifu wake mkuu, Thomas Ellis Owen, aliwajengea wateja wenye uwezo, wengi wao maofisa wa jeshi la majini na familia zao. Mji ulijaa pensheni za utumishi wa ng'ambo. Kwa hiyo hata huyu ambaye mji unamhesabu kuwa mwanawe hakuletwa na upepo wa bahari. Aliletwa na dola iliyokuwa inatawala mbali, na Southsea ilikuwa ghala lake la kuhifadhia watu.

Ukiusoma mji kwa jicho hilo, Zanzibar haiko mbali nao hata kidogo. Mwaka 1836 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimpa Mfalme William IV wa Uingereza zawadi ya meli kubwa ya kivita, Liverpool, iliyojengwa Bombay. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum. Zawadi ya kumrudishia ilikuwa jahazi la kifalme liitwalo Prince Regent, lililoundwa katika karakana za Portsmouth. Hizo zilikuwa zawadi za watawala wanaojiona sawa. Miaka sitini baadaye usawa huo haukuwepo tena. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na Seyyid Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, Agosti 27, 1896, meli tano za kivita chini ya Admirali Harry Rawson zililipiga jumba la sultani kwa muda usiozidi saa moja. Wazanzibari wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya sultani, Glasgow, ilizama pale pale mbele ya mji, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, na Waingereza wakamweka Hamud bin Mohammed. Mwaka 1911, baada ya Ali bin Hamud kujiuzulu akiwa Ulaya, kiti kilikwenda kwa Khalifa bin Harub, babu yake Jamshid. Tangu siku ile ya mizinga, hakuna sultani aliyetawala Zanzibar bila jeshi la majini la Uingereza kuwa nyuma ya kiti chake. Portsmouth ilikuwa nguzo ya jeshi hilo. Penye uwanja wa Southsea, ukitazamana na maji, upo mnara wenye majina zaidi ya 24,000 ya mabaharia wa vita viwili vya dunia ambao kaburi lao ni bahari. Mji umeandika kwa uaminifu gharama ambayo watu wake walilipa kwa ajili ya nguvu hizo za baharini. Upande wa pili wa hesabu hiyo, yaani kilichowapata watu wa visiwa na bandari ambako meli hizo zilikwenda, haujaandikwa popote pwani hapo.

Jamshid ndiye upande huo wa pili ukiwa na sura ya mtu. Alizaliwa Zanzibar Septemba 16, 1929, mtu wa kizazi cha tano baada ya Seyyid Said. Alikalia kiti Julai 1, 1963, baada ya kifo cha baba yake, Abdullah bin Khalifa. Uhuru ulikuja Desemba 10 mwaka huo, naye Mwanamfalme Philip akamwakilisha Malkia wa Uingereza katika sherehe. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakauangusha utawala wake. Alitoroka na familia yake kwa meli ya kifalme, Seyyid Khalifa, iliyobeba jina la babu yake. Walielekea Mombasa, serikali ya Kenya ikawakatalia kushuka. Wakageuza hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo wakasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza. Safari hii meli za kivita za Uingereza zilizofika Unguja zilikuja kuwaondoa raia wa Kiingereza, na mizinga yake ilinyamaza. Dola iliyomwaga moto mwaka 1896 ili kuchagua sultani haikuona faida ya kumlinda mrithi wa sultani huyo mwaka 1964. Ilichompa ni hifadhi. Kijana wa miaka 34 aliyekuwa na taji kwa miezi sita na ushei akaishia katika nyumba ya kawaida ya Southsea, ya ukuta mmoja na jirani, akazeeka humo. Marais wa Zanzibar walikuja na kuondoka, Abeid Karume akauawa mwaka 1972, Muungano ukazeeka, na mtu aliyepinduliwa akabaki kwenye mji ule ule ambako maofisa wa himaya walizoea kustaafu.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba kuishi mahali kwa muda mrefu si ajabu. Maelfu ya wastaafu wameishi Southsea miaka hamsini bila kuwekewa kibao. Doyle alimzaa Holmes pale. Jamshid alifanya nini? Jibu la kwanza ni kwamba mji wenyewe haukiamini kigezo hicho. Dickens hakufanya lolote Portsmouth ila kuzaliwa, na nyumba aliyozaliwa imekuwa makumbusho. Kipling hakufanya lolote ila kuumia. Southsea huwahesabu watu kwa yale ambayo maisha yao yanaufungulia msomaji. Jibu la pili lina uzito zaidi: yale aliyoyafanya Jamshid pale, yaani kunyamaza na kungoja, ni kazi ya kihistoria ingawa haionekani. Hakuanzisha serikali ya uhamishoni iliyotikisa visiwa. Hakurudi kwa bunduki. Mwaka 1916 Waingereza walipomkamata Khalid bin Barghash walimpeleka Shelisheli na Saint Helena, na kifo kikamkuta Mombasa mwaka 1927. Ali bin Hamud alifia Paris mwaka 1918. Kuhamishwa kwa masultani wa Zanzibar ni mkondo mmoja mrefu, na Southsea ni kituo chake kirefu kuliko vyote. Mwanahistoria anayetaka kujua namna dola ya Uingereza ilivyowatunza, au kuwatelekeza, watawala iliowatumia, hatapata mfano bora wenye anwani katika mji wa kawaida wa Kiingereza.

Pingamizi zito zaidi linatoka Zanzibar, na halipaswi kupuuzwa. Kwa Wazanzibari wengi, sultani si mzee mpole wa Southsea. Ni jina la mfumo uliojengwa juu ya mashamba ya karafuu na migongo ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1897 tu. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura zote ikaambulia viti 13 kati ya 31, na uhuru ukakabidhiwa kwa waliopata kura chache. Hasira ya Januari haikuzuka hewani. Mtu mwenye babu aliyelimishwa bila malipo ana haki ya kuuliza kwa nini tumkumbuke Jamshid. Namjibu kwamba kumwandika mtu katika historia ya mji si kumrudishia kiti. Na ukweli una upande mwingine ambao nao hauwezi kufichwa: maelfu ya watu, wengi wao Waarabu na wasiokuwa na taji wala shamba, waliuawa katika siku na wiki zilizofuata, na maelfu wengine wakatawanyika hadi Oman, Ghuba na Uingereza. Jamshid alikuwa mfalme wa kikatiba, serikali ikiwa mikononi mwa Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Hilo halimwondolei dhamana yote, lakini linatulazimisha kusema kwa usahihi nani aliamua nini. Usahihi huo ndio unaokosekana anapoachwa nje. Akibaki kivuli, wanaomtukuza watampamba watakavyo na wanaomchukia watamchora watakavyo. Maelezo yaliyoandikwa vizuri, yanayotaja utumwa, kura za 1963, mauaji ya 1964 na jukumu la Uingereza katika yote hayo, yatawabana wa pande zote mbili.

Lipo pingamizi la tatu, la staha: alichagua ukimya, basi aachwe. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Namba ya nyumba yake haina haja ya kutangazwa, wala majirani hawapaswi kusumbuliwa na wapiga picha. Dickens naye aliagiza katika wosia wake asijengewe mnara, na Portsmouth ikamsimamishia sanamu mwaka 2014. Naona ingefaa wosia ule uheshimiwe. Lakini ukimya wa Jamshid haukuwa wa hiari yake peke yake. Watoto wake walihamia Oman miaka ya 1980, naye kwa muda mrefu alinyimwa ruhusa ya kuwafuata kwa sababu za usalama. Nusu karne ya ukimya wa namna hiyo ni jambo la siasa, si la faragha tu. Septemba 2020, akiwa amevuka miaka 90, Oman hatimaye ilimruhusu aingie kama mtu wa ukoo, bila cheo cha usultani. Alifariki Muscat Desemba 30, 2024.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Vitabu vyetu vya historia humfuata Jamshid mpaka ukingoni mwa maji, halafu vikamwacha hapo, kana kwamba meli ilipotoweka upeoni na historia nayo ilikwisha. Haikuisha. Sehemu ya historia ya Zanzibar tangu 1964 imeishi katika vyumba vya kupanga vya miji ya Uingereza, katika barua zilizochukua wiki kufika, katika Kiswahili kilichozungumzwa jikoni na watoto wakajibu kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuondoka kijana miaka minne hivi baada ya Mapinduzi, alilielewa hilo mapema. Riwaya yake ya By the Sea, iliyotoka mwaka 2001, inamweka mzee wa Kizanzibari anayeomba hifadhi katika mji mdogo wa pwani ya Uingereza, na hapo ndipo madeni, wizi wa nyumba na vifungo vya Unguja vinapofunguliwa upya. Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi wetu tulishangaa kwamba mwandishi mkubwa wa Zanzibar alikuwa ameishi miaka yote hiyo Kent. Kama fasihi imeweza kuuona mji wa pwani wa Kiingereza kuwa sehemu ya Uswahili, historia haina kisingizio cha kuchelewa. Tena katika riwaya tunampata mwomba hifadhi wa kubuni, ilhali Southsea ilikuwa na wa kweli, mwenye kumbukumbu ya jumba la sultani mwaka 1963 ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Portsmouth imeshaonyesha kwamba ikitaka inaweza. Mwaka 2004 ilirithishwa mkusanyiko wa Richard Lancelyn Green juu ya Conan Doyle, maelfu ya vitabu, barua na vitu, na imeutunza na kuuonyesha kwa bidii. Kwa Jamshid hakuna mkusanyiko wa namna hiyo uliorithishwa kwa mji, na wanaoweza kueleza wanapungua: aliyekuwa na miaka 30 siku ya Mapinduzi sasa amevuka 90. Jiji lina idara yake ya nyaraka, Zanzibar inayo hazina ya nyaraka Kilimani, na Oman ina Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka na Kumbukumbu. Taasisi hizo tatu zinaweza kuandikiana kesho. Kinachohitajika ni kinasa sauti, watu wawili watatu wanaojua Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, ridhaa ya familia, na orodha ya waliomfahamu huko Southsea, mabaharia waliokuwa Unguja Januari 1964, na wazee wa visiwani waliomwona akipanda meli, wa upande wa Hizbu, kimojawapo cha vyama vilivyokuwa serikalini wakati wa uhuru, na wa upande wa Afro-Shirazi sawasawa. Suala la kibao na maandishi yake linaweza kungoja mpaka watu hao wawe wameshasikilizwa.